Shahidi wa Pili

"Na mimi nimemsikia," ilisema sauti kutoka mwisho wa meza.

Darubini hakuinua kichwa. Alikuwa ameinamia daftari, penseli mkononi, akiukimbilia ushindi wake mdogo wa siku ile kabla watu hawajabadili mazungumzo. Akachora alama mbili mbele ya ndege wa sitini na mbili, moja yake na moja ya shahidi, kisha akalifunga daftari kwa kishindo ili mdogo wake asikie.

Kosa lenyewe ndilo hilo. Yote yaliyoipata nyumba ile baadaye yalitokana na kichwa kimoja ambacho hakikuinuka. Ila tusimseme vibaya kabla hatujamjua.

Nyumba ilikuwa ya mama yao: vyumba vitano kwa safu, veranda ndefu yenye meza moja ya mbao, jiko nyuma, na msitu ukianzia pale uwanja ulipoishia. Baba yao, askari wa msitu, alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Kabla ya kufa alimwachia binti mkubwa darubini yake, na jina likamganda hapohapo. Mdogo hakumwachia kitu. "Huyu nimpe nini?" aliuliza akicheka kitandani. "Midomo anayo tayari." Basi mdogo akaitwa Filimbi. Akipiga mluzi aliweza kumshusha kurumbiza kutoka kileleni mwa mti mpaka ndege mwenyewe akaja kutazama ni jamaa yake gani anayemwita. Darubini alipojaribu, ulitoka upepo mtupu na mate kidogo. Watu walicheka, naye alicheka, na kicheko hicho kilikuwa kimemkwama kooni tangu utotoni.

Kila mwaka, mvua zikikatika, watu wanane walikuja kutembea msituni siku tano kwa ajili ya wadi ya watoto ya hospitali moja ambayo paa lake lilikuwa likivuja. Kwa kila aina ya ndege iliyoandikwa daftarini, marafiki zao waliobaki mjini walitoa mchango. Kwa hiyo daftari lile halikufanyiwa mchezo. Ndege aliyeonekana aliandikwa. Ndege aliyesikika tu bila kuonekana alihitaji watu wawili waliomsikia, na kila jioni baada ya chakula orodha ilisomwa kwa sauti mbele ya wote. Kwa miaka kumi na mmoja daftari lilikuwa la Darubini, na yeye ndiye aliyetangulia njiani.

Mwaka huu Mwenyekiti wa kikundi, nesi mstaafu aliyezoea kuzungumza na kila mtu kana kwamba amelazwa, alishuka garini, akawakumbatia wote wawili, akasema, "Filimbi, mwanangu, kesho tangulia wewe. Wageni wa mwaka jana hawana hadithi nyingine ila wewe tu. Darubini atatushikia mkia, sivyo? Yeye mzoefu, hatapoteza mtu."

Alisema kwa upendo, na hapo ndipo palipouma. Kama angemwonea, Darubini angeweza kugomba.

"Hamna shida, Mama Mwenyekiti," alijibu, na uso wake ukatabasamu wenyewe.

Mtu wa mkiani kazi yake ni kuhesabu vichwa kila njia inapopinda, kuokota chupa za maji zilizoanguka, na kugeuza uso mgeni anapoingia kichakani kujisaidia. Ndege wote wazuri huwa mbele. Mpaka wewe ufike, mti umebaki na matawi. Asubuhi ile ya kwanza Darubini alitembea nyuma ya mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa hisabati aliyenuka dawa ya mbu, akisikiliza mbele mdogo wake akipiga mluzi na watu wakisema "aah!" kwa pamoja. Kila "aah" ilimpata kifuani. Alimpenda Filimbi, alikuwa amembeba mgongoni, amemsuka nywele, amempigania shuleni. Alimpenda, na asubuhi ile alitamani apaliwe na mate yake mwenyewe.

Ndipo aliposikia ule mlio.

Ulitoka nyuma yake. Milio mitatu ya kushuka, safi, kisha kimya kirefu kidogo, kisha wa nne, uliochelewa, kana kwamba mlia alikuwa amesita. Darubini aliwajua ndege wa msitu ule wote. Huyu hakumjua.

Baba yao aliwafundisha mengi kwa utani, lakini moja aliwafundisha akiwa amewashika mabega: sauti ya msituni msiyomjua mwenyewe, msiiitikie, wala msiiandike. Aliwaambia hayo mara moja tu, na hakutaka maswali.

Mlio ukaja tena, karibu zaidi. Mbele, watu walisema "aah!" nyingine. Darubini alilowanisha midomo akaitikia. Ulitoka upepo mtupu, lakini nyuma yake kile kilichokuwa kinalia kilinyamaza mara moja, kama mtu aliyesikia jina lake.

Jioni Filimbi alisoma ndege sitini na mmoja, wageni wakapiga makofi, na Mwenyekiti akasema baba yao angekuwepo angelia kwa furaha. "Bado mmoja," alisema Darubini, akalivuta daftari. "Nimemsikia mkiani. Milio mitatu na wa nne unachelewa. Hajawahi kuandikwa hapa." Watu walitazamana kwa hamu. Filimbi alimtazama dada yake kwa wasiwasi, maana na yeye alikumbuka mikono ya baba mabegani. "Dada, una shahidi?" aliuliza taratibu. Na hapo sauti ya mwisho wa meza ikasema kile ilichosema.

Mama yao, aliyekuwa akiondoa vyombo, alisimama mlangoni mwa jikoni akiwa na sahani mkononi. Alikuwa amepakulia watu kumi, wageni wanane na binti zake wawili. Aliosha sahani kumi na moja.

* * *

Alfajiri ya siku ya pili walijipanga uwanjani kukiwa bado na ukungu. Filimbi alikunja midomo ampigie mluzi kurumbiza, na ulitoka upepo.

Alicheka, akajifuta, akajaribu tena. Upepo, na mate kidogo. Wageni walitabasamu kwa adabu.

"Umelala vibaya," alisema Darubini. Alipomaliza kusema alihisi midomo yake inawasha. Aliikunja bila kufikiri, na mluzi uliotoka ulikuwa mnono, wa dhahabu, ukapanda mpaka juu ya miti. Kurumbiza alishuka. Alishuka mpaka tawi la chini kabisa, manjano tupu, akageuza kichwa kumtazama. "Aah!" walisema wageni wanane, na safari hii ilikuwa yake.

Alipaswa kuogopa. Badala yake alikaribia kulia kwa furaha. Aliita mdiria, akaja. Aliita hondohondo, wakaja watatu, wakivuruga majani kwa mabawa yao. Mwenyekiti alimshika mkono. "Kumbe na wewe! Ulikuwa unatuficha?" Filimbi, koo limemkauka, mwenyewe alisema, "Basi dada atangulie. Mimi nitashika mkia leo." Darubini alimwachia afanye hivyo, wala hakugeuka kumtazama alivyokuwa akirudi nyuma ya mstari peke yake.

Waliporudi saa nne, mdogo alimfuata jikoni. Sauti yake ilikuwa imebaki ya kunong'ona.

"Dada. Nimehesabu tisa."

"Tisa nini?"

"Wageni. Kila tunapopinda nahesabu tisa. Nikiwahesabu kwa nyuso nawapata wanane. Nikihesabu migongo, tisa."

"Njaa hiyo. Kula."

"Wa tisa hana mkoba. Na ananuka, dada. Harufu ya manyoya yaliyolowa."

"Mwalimu huyo na dawa yake ya mbu," alisema Darubini, akatoka kwenda verandani, kwa sababu mezani walikuwa wakimsubiri wamsifu.

Mchana Mama alipokwenda chumba cha tano, ambamo hawakumlaza mtu, chumba cha mabuti na miavuli na kitanda kimoja kibovu, aliukuta mto umebonyea. Aliuwekea kiganja. Ulikuwa na joto. Alikaa siku nzima akiwaangalia binti zake kwa zamu, na jioni, alipopakua, alihesabu kwa kunyoosha kidole, sahani kumi, hakika kumi. Alipokusanya zilikuwa kumi na moja, na ile ya kumi na moja haikuwa na hata tone la mchuzi, ilikuwa imedonolewa mpaka rangi yake imechubuka.

* * *

Siku ya tatu Filimbi alikuwa bubu kabisa. Alifungua mdomo kumsalimia mama yake na hakikutoka chochote. Mwenyekiti alimchungulia koo kwa tochi, akapapasa shingo, akasema ni mafua ya msituni, apumzike. Hakutaka. Alishika kipande cha karatasi akaandika kwamba mtu wa mkiani lazima awepo, wageni wasije wakapotea, akamtazama dada yake kwa macho ambayo hayakuwa yanazungumzia wageni hata kidogo.

Darubini alitangulia. Aliita, ndege wakaja. Lakini siku ile alianza kusikia kwamba kila alipoita, nyuma kabisa, mbali, kilikuwapo kitu kilichomalizia mluzi wake. Yeye akipiga mitatu, kule mkiani unafuata wa nne, umechelewa. Mara ya kwanza alidhani ni mwangwi. Mara ya pili wa nne ulikuwa karibu zaidi kwa hatua kadhaa, na mara ya tatu wageni hawakuonekana kusikia chochote, walikuwa wakielekeza kamera zao juu, wakati yeye alikuwa amegeuka na kuutazama mstari mzima mmoja baada ya mwingine, Mwenyekiti, daktari wa meno, mke na mume wenye duka la miwani ambao ndio waliokuwa vipofu kuliko wote kwa ndege, mama mjane, kijana wa benki, msichana wa maktaba, mwalimu wa hisabati, na nyuma ya mwalimu mgongo mmoja, mgongo, ingawa watu wote wale walikuwa wamemwelekezea yeye uso, mgongo mwembamba ulioinama kidogo mbele kama wa mtu anayenusa, na nyuma ya mgongo huo Filimbi, ambaye machozi yalikuwa yakimtiririka bila sauti.

Alipepesa macho. Wanane. Na Filimbi.

Nyumbani mdogo alimpa karatasi. Mwandiko ulikuwa umetapatapa. *Amenishika bega. Haachii.* Akavuta ukosi wa shati. Kwenye bega lake la kushoto kulikuwa na alama nne nyekundu, tatu mbele zimekaa pamoja, moja nyuma imejitenga. Chini ya koo lake moyo ulikuwa unapiga upesi mno, kama wa kifaranga ukimshika mkononi, na ngozi ya hapo ilikuwa imekuwa nyembamba kiasi kwamba mapigo yenyewe yalionekana.

Mama alikuwa amesimama nyuma yao.

"Mkubwa," alisema kwa sauti ya chini, "umefanya nini?"

"Mimi? Mimi nimefanya nini, mama?"

"Nimewazaa wote wawili. Usinifanye mtoto. Huyu anaisha, na wewe unanawiri. Umefanya nini?"

Darubini alijibu kwamba hajui. Lakini alijua. Alijua tangu alfajiri ya siku ya pili, na alikuwa amekaa nalo siku mbili nzima, kwa sababu ya "aah" za watu wanane.

* * *

Alasiri ileile Darubini alikwenda kwa mganga wa karibu, ambaye alikuwa fundi redio. Alikuwa na kibanda nyuma ya soko, meza imejaa nyaya, skrubu ndani ya kisosi cha chai, na miwani iliyofungwa kwa uzi. Watu walimpelekea redio mbovu na ndugu walioingiwa na mambo, na alikuwa akiwapokea kwa hasira ileile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama ni betri, zimeisha."

"Si betri." Akamweleza, ila alianzia kwenye sahani. Mzee aliendelea kulehemu mpaka aliposikia neno daftari. Akaweka chuma chini.

"Mlimwandika?"

"Nilimwandika."

"Kabla ya hapo ulimwitikia?"

"Ulitoka upepo tu."

"Upepo unatosha. Baba yako hakukwambia?"

Darubini aliziinamia nyaya za mezani.

"Alikwambia," alisema fundi. "Sikiliza. Lile ni jini la kuitikiwa. Likikosa wa kuliitikia linalia hukohuko miaka na miaka na halimdhuru mtu. Wewe umeliitikia, ukaliandika kwa mkono wako, ukalipa kiti mezani na sahani ya mama yako. Sasa ni mgeni wenu halali. Na mgeni huyo akikaribishwa hutoa zawadi: humpa mwenyeji kile alichokitaka siku ile. Ila hana kitu chake mwenyewe, kwa hiyo hukitoa kwa mwingine. Siku ile ulitaka nini?"

Alitazama skrubu ndani ya kisosi.

"Sikuulizi ili nijue mimi," alisema mzee kwa upole wa ghafla. "Mdogo wako akikatika pumzi, zawadi imekamilika na haifutiki tena. Una leo, labda na kesho."

"Njoo umtoe, mzee. Tutakulipa."

"Mimi sikumwandika, siwezi kumfuta. Atafutwa alivyoandikwa: meza ileile, watu walewale, penseli ileile. Ulimwandika bila kumtazama shahidi wako usoni. Leo watazame. Mmoja mmoja, umuulize kila mtu kama ni yeye aliyesikia. Ukifika kiti kilichobaki, usikiulize. Kitakusemesha; usijibu. Sema mbele ya wote kwa nini ulimwandika, halafu futa." Alivua miwani yake. "Na useme kweli. Kweli tupu, mpaka unyanyuke mezani. Ukichanganya uongo hata wa kumfurahisha mtu, utakuwa umefunga mlango na kuacha dirisha wazi."

"Na mluzi wangu?"

"Ndilo hilo unaloniuliza?" alisema mzee, akarudi kwenye redio yake.

* * *

Jioni ile mama hakuondoa vyombo. Aliketi jikoni, Filimbi amemlalia mapajani, mlango wa verandani umeachwa wazi. Taa ilikuwa moja, katikati ya meza. Mwenyekiti alisoma orodha mwenyewe, na alipofika nambari sitini na mbili Darubini akainua mkono.

"Kwa huyu naomba tusimame kidogo," alisema. "Nataka kumjua shahidi wangu. Mama Mwenyekiti, ni wewe uliyesema umesikia?"

"Mimi? Hapana, mwanangu. Mimi na masikio haya?"

"Daktari?"

"Si mimi."

Mwenye duka la miwani alidhani ni mkewe, na mkewe alidhani ni mumewe. Mjane alitikisa kichwa. Kijana wa benki alisema siku ile alikuwa na vitu vya muziki masikioni, akaona haya. Msichana wa maktaba alisema, "Ilitoka upande huu, lakini si mimi, nilidhani ni mwalimu." Na mwalimu wa hisabati, uso umemparara, alisema polepole, "Mimi ndiye niliyekaa wa mwisho. Sauti ilitoka kushotoni kwangu." Kisha akageuza macho kushoto, kwenye kiti ambacho kila mmoja wao alikuwa amekiona pale kwa siku tatu na hakuna aliyewahi kukumbuka kukiweka.

Taa haikuzimika. Ingekuwa afadhali ingezimika, maana katika mwanga ule waliweza kuona kwamba mbele ya kiti kile palikuwa na sahani, na kwamba sahani ilikuwa inasogea kidogo, tik, tik, tik, kisha kimya, kisha tik, na harufu ya manyoya yaliyolowa ikaijaza veranda mpaka mjane akaziba pua na kitambaa chake, na hakuna aliyekimbia kwa sababu hakuna aliyeweza kuihisi miguu yake.

"Dada," kilisema kiti.

Ilikuwa sauti ya Filimbi. Ilikuwa sauti yake nzuri ya zamani, ya kabla ya mafua ya uongo, na kutoka jikoni mama alipiga ukelele akamfunika binti yake mdomo kwa kiganja, ahakikishe si yeye anayesema.

"Dada, usifute. Mimi sina haja nayo tena. Si uliibeba ile darubini miaka yote ukiniona nasifiwa, ukacheka na wao, nani aliwahi kukuuliza kama umechoka? Baba angesimama hapa leo angekuonea fahari. Angesema, kumbe wa midomo ni huyu. Kesho wataandika wewe. Mwaka ujao watakuja kwa ajili yako. Niitikie tu, dada, mara moja, mluzi mmoja, ule wetu, nami nitanyamaza moja kwa moja."

Midomo ya Darubini ilikuwa inawasha kama imepakwa pilipili. Ilijikunja yenyewe, na ndani ya kifua chake mluzi ulikuwa umesimama, mnono, wa dhahabu, mzuri kuliko kitu chochote alichowahi kupewa na mtu yeyote, na alijua kwamba akiuachia utakuwa wake mpaka kufa, na alijua pia, maana mlango ulikuwa wazi na aliweza kuliona, koo la mdogo wake likipiga upesi, upesi, kisha likiruka pigo moja.

Akaishika penseli. Upande wa nyuma ulikuwa na raba.

"Nilimwandika kwa wivu," alisema. Sauti ilitoka imekwaruza. "Hakuna ndege. Nilimwonea wivu mdogo wangu kwa sababu mlimtanguliza, na kwa sababu ya baba, na kwa sababu yeye akipiga mluzi wanakuja na mimi nikipiga mnacheka. Nilitamani apaliwe. Nilitamani hivyo kwa moyo wangu wote. Na siku mbili hizi nilijua, nikanyamaza, kwa kuwa mlikuwa mkinisifu."

Akafuta. Raba ilikwaruza karatasi, na kila ilipopita, kitu kwenye kiti kilitoa mlio, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alifuta mpaka karatasi ikatoboka. Kiti kilianguka chali. Kitu kilipita juu ya meza kuelekea msituni, na watu wote waliinamisha vichwa kwa wakati mmoja, kama mnavyoinama bawa kubwa likipita karibu.

Jikoni, Filimbi alikohoa. Alikohoa kwa nguvu, akavuta pumzi, akasema, "Mama, unaniziba pua."

Walicheka. Walilia wakicheka, walikumbatiana ovyo, kijana wa benki akamkumbatia mwalimu wa hisabati. Filimbi alikuja verandani anatetemeka, akamwangukia dada yake kifuani, wala hakuuliza kitu. Alikuwa amesikia yote. Mwenyekiti alijifuta macho, akamshika Darubini mashavu kwa mikono yake miwili ya kinesi.

"Umefanya jambo zito, mwanangu. Na sasa? Wivu umekwisha?"

Wote walimtazama, nyuso nane zenye machozi, na ya tisa ya mdogo wake, iliyojaa matumaini. Darubini alikuwa bado ameketi mezani.

"Umekwisha," alisema. "Wote."

Mama peke yake, mlangoni, hakupiga makofi.

* * *

Siku ya nne ilinyesha, hawakutoka. Siku ya tano, ya mwisho, asubuhi ilikuwa safi. Darubini alijaribu mluzi nyuma ya nyumba kabla wengine hawajaamka, na ulitoka upepo. Alikuwa ameutarajia. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni kidogo, kisha akaenda kuvaa mabuti.

Filimbi alitangulia. Sauti yake ilikuwa imerudi na kitu cha zaidi, utulivu fulani wa mtu aliyewahi kunyang'anywa. Saa moja na nusu, kwenye bonde la chini, aliita mara mbili, na kurumbiza wa kichwa cha kijani, ambaye wageni wale walikuwa wamemtafuta miaka sita, alikuja kukaa juu ya tawi mbele yao na kuimba. Mwenyekiti alilia waziwazi. Wadi ya watoto ilikuwa imepata ndege wake wa themanini. "Aah," walisema watu wanane.

Mkiani, Darubini hakumwona. Palikuwa na bega la mwalimu na tawi nene. Alifurahi kwa ajili ya mdogo wake. Alifurahi kweli, aliuchunguza moyo wake akaikuta furaha ipo. Na pembeni ya furaha, padogo tu, mahali pasipozidi ukucha, pakamchoma.

Alihesabu vichwa haraka. Wanane. Akahesabu migongo. Wanane. Alivuta pumzi, akacheka peke yake kwa uoga wake.

Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho. Nyuma yake hapakuwa na mtu, njia tu, na majani yaliyokuwa bado yanadondosha maji. Harufu ndiyo iliyotangulia.

Kisha milio mitatu, ya kushuka, safi, karibu na sikio lake la kushoto.

Darubini alisubiri wa nne. Mstari ulianza kusogea, mwalimu akapotea kwenye kona, sauti za watu zikafifia. Wa nne haukuja. Kitu kizito kiasi cha mkono kilitua taratibu begani mwake, kikakaa, kikangoja, na midomo yake ikaanza kuwasha.